Mwenye Kugeuza Ufunguo

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za makombora makubwa ya nyuklia, yale yatokayo bara moja yakaangukia bara jingine, na aghalabu huzipokea habari hizo kama wanavyopokea habari za nyota. Ni mambo ya mbali, ni mambo ya wakubwa, na sisi hatuna mkono ndani yake. Barazani hutajwa usiku mmoja, watu wakastaajabu, kisha mazungumzo yakarejea kwenye bei ya mchele. Walakini ndani ya jambo hili mna suali moja ambalo haliwahusu wakubwa peke yao, nalo ni hili: mtu akiamrishwa tendo litakaloua maelfu kwa maelfu ya watu asiowajua, naye hana njia ya kujua kama amri ile ni ya haki, je, yamfalia kuitii? Na kabla ya hapo: yamfalia kukubali kuwekwa mahali ambapo hatakuwa na njia ya kujua?

Suali hili hatukulizua sisi. Aliliuliza mwaka 1973 ofisa wa Jeshi la Anga la Marekani, Meja Harold Hering. Huyu alikuwa mtu wa miaka mingi katika jeshi, aliyerusha helikopta za kuwaokoa wenziwe katika vita vya Vietnam, wala hakuwa mwoga wala mpinzani wa serikali yake. Alipokuwa akifunzwa kazi ya kurusha makombora katika kambi ya Vandenberg, California, alimwuliza mwalimu wake: nitajuaje kuwa amri nitakayoletewa imetoka kwa Rais mwenye akili timamu? Hakusema kuwa hatatii, aliuliza tu. Akaondolewa darasani, na baada ya kesi yake kusikilizwa na baraza la kijeshi akatolewa katika jeshi. Alielezwa kwamba mtu wa kazi yake hana haja ya kulijua jambo hilo. Yeye akashika kuwa anayo haja ya kulijua, kwa kuwa ni mwanadamu. Hatimaye alikwenda kuendesha malori.

Sasa, wanavyuoni wetu wametuzoesha tusilihukumu jambo kabla ya kulifahamu, basi na tueleze kwanza makombora haya yanavyowekwa na yanavyoendeshwa.

Kombora la namna hii ni roketi, na watu wa Malindi hawahitaji kufundishwa roketi ni kitu gani. Kwenye jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu nao, Waitaliano walirusha roketi tangu 1967 hadi 1988, na moja kati ya hizo, tarehe 12 Desemba 1970, ilipandisha setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Setilaiti ile ilikwenda kuchunguza miale ya nyota, na ilileta elimu kubwa. Roketi iliyoibeba ilitumia fueli kavu, iliyosindiliwa ndani yake tangu kiwandani. Makombora ya Marekani yaitwayo Minuteman hutumia fueli kavu vilevile. Kilichotofautiana ni kile kilichowekwa kichwani, na niya ya aliyekiweka.

Hiyo fueli kavu si jambo dogo. Kombora la kwanza la masafa haya, R-7 la Warusi, lilifaulu katika majaribio mwezi wa Agosti 1957, na tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule roketi ya namna hiyo hiyo ikapandisha Sputnik. Lakini lilikuwa la fueli ya maji, na kulijaza kulichukua saa nyingi. Mwenye kombora kama hilo, hata akighadhibika, hulazimika kungoja, na kungoja kuna rehema yake. Minuteman liliondoa kungoja huko. Yale ya kwanza yaliwekwa tayari katika jimbo la Montana mwezi wa Oktoba 1962, katika siku zile zile za mzozo wa Cuba, na tangu hapo Marekani imekuwa na makombora yanayokaa ardhini miaka kwa miaka bila kujazwa kitu, nayo huweza kuondoka mara tu baada ya amri.

Hayo ya leo ni Minuteman ya tatu, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1970. Yako 400, yametawanywa katika mashimo ya zege kwenye mashamba na malisho ya Montana, North Dakota na Wyoming, na mengine katika majimbo ya jirani ya Colorado na Nebraska. Mkulima hulima ngano, na ng'ambo ya ua wa waya kuna kifuniko kizito cha zege, na chini yake kuna mauti ya mji mzima. Kombora moja hubeba bomu lenye nguvu kiasi cha mara ishirini ya lile lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Safari yake kutoka Marekani hadi Urusi ni kiasi cha nusu saa, muda wa mtu kutoka nyumbani kwake, kutawadha, kusali Isha na sunna zake, na kurejea.

Kila makombora kumi yana chumba chao cha kuyaongoza, kilichochimbwa chini sana ya ardhi na kufungwa kwa mlango wa tani kadhaa. Ndani yake hukaa maofisa wawili, aghalabu vijana wasiofikia miaka thelathini, kwa zamu ya saa 24. Kazi yao kubwa ni kutazama taa na kungoja. Ni kazi ya kuchosha akili, na uchovu huo umekwisha kuzaa aibu: mwaka 2014 makumi ya maofisa wa kambi ya Malmstrom walibainika kuhusika na wizi wa mitihani yao. Amri ya kurusha ikija, huja kwa maandishi mafupi ya herufi na tarakimu. Wao hufungua sanduku la chuma lenye kufuli mbili, kila mmoja kufuli yake, wakatoa alama za siri zilizomo na kuzilinganisha na zile walizoletewa. Zikiafikiana, hushika funguo zao na kuzigeuza kwa pamoja, nazo zimewekwa mbalimbali ili mikono ya mtu mmoja isizifikie. Hata hivyo haitoshi mpaka chumba kingine nacho kifanye vivyo hivyo. Baada ya hapo kombora limekwenda. Hakuna kamba ya kulivuta nyuma, wala hakuna namna ya kulivunja njiani mwenye kulituma akijuta.

Na nani hutoa amri? Rais, peke yake. Hufuatana daima na ofisa mwenye mkoba wa mipango ya vita, naye mwenyewe ana kadi ya alama za kumtambulisha. Huweza kuwauliza washauri wake, lakini sharia ya nchi yao haimlazimishi kupata idhini ya waziri, wala ya jaji, wala ya baraza la wawakilishi.

Utazame mpango huu, ndugu msomaji, kwa jicho la mtu aliyewahi kuwekeza amana. Kufuli mbili, maofisa wawili, vyumba viwili: hayo yote yamewekwa ili kijana mmoja mwenye wazimu asiweze kuuangamiza ulimwengu. Ni mpango mzuri. Lakini milango yote ya chini ina kufuli, na mlango wa juu hauna. Meja Hering aliuona mlango huo ukiwa wazi, akauliza ufunguo wake uko kwa nani, na jibu lake likawa ni kuoneshwa njia ya kutokea.

Atasema mtu: askari si kadhi. Mnyongaji wa serikali hamwulizi jaji ushahidi, bali huletewa hukumu akaitekeleza, na dhima ni ya aliyehukumu. Maneno haya yana ukweli, na fikihi yetu yayajua. Lakini kwa nini mtekelezaji husamehewa? Husamehewa kwa sababu nyuma ya hukumu ile kuna baraza lililo wazi, kuna mashahidi waliosikilizwa, kuna mshtakiwa aliyepewa nafasi ya kujitetea, na kuna siku zilizopita kati ya hukumu na utekelezaji. Mtekelezaji huutegemea utaratibu anaoujua. Na hata hivyo, akijua kwa yakini kuwa mtu yule amedhulumiwa, wanavyuoni hawamwachi bila ya dhima. Yule kijana wa chini ya ardhi hutegemea nini? Zile herufi na tarakimu zikiafikiana zinamthibitishia jambo moja tu, kwamba amri imetoka kwa aliye na mamlaka ya kuitoa. Hazimwambii kama ni ya haki au ni ya dhuluma, wala kama mtoaji ana akili yake au ameipoteza usiku ule. Hata mji utakaopigwa, yeye hana haja ya kuujua ili aweze kugeuza ufunguo.

Hali yake yafanana na ya mtu aliyetia sahihi karatasi tupu akamwachia mwingine aijaze. Kila mtu wa mjini anajua balaa la karatasi tupu. Tumeona nyumba za wakfu na viunga vya mayatima vikipotea kwa njia hiyo, na mwenye kutia sahihi akisimama mbele ya kadhi na kusema, sikujua kitakachoandikwa. Kadhi humjibu nini? Humwambia: kutojua kwako ndiko kosa lako, maana ulikuwa na uwezo wa kutotia sahihi. Ikiwa hivyo ni katika kiunga cha minazi, vipi katika roho za watu?

Na hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini. Wanavyuoni wamesema kuwa mtu akitishwa kwa upanga aseme neno la kufuru, naye moyo wake umetulia katika imani, ana ruhusa ya kulisema. Lakini akitishwa kwa upanga huo huo amuue mtu asiye na kosa, hana ruhusa, kwa sababu roho yake haikuwa bora kuliko roho ya mwenziwe. Huyo ni mtu aliyelazimishwa, na upanga uko shingoni! Sasa vipi yule asiyelazimishwa na yeyote, aliyekwenda kwa miguu yake, akapewa mshahara, akaapa mapema kuwa amri ikija hatauliza?

Kuna watu hupenda kujificha nyuma ya wingi. Mhandisi husema, mimi nilitengeneza chombo tu. Mlipa kodi husema, mimi nilitoa senti tu. Ofisa husema, ufunguo wangu peke yake haurushi kitu mpaka wa mwenzangu ugeuke, na chumba chetu peke yake hakirushi mpaka chumba cha pili kikubali. Rais husema, mimi sikugusa kitu, nilisema neno tu. Ukikusanya maneno yao wote, utaona mji umeteketea na hakuna aliyeuteketeza. Watu kumi wakishusha jahazi iliyotobolewa, ndani mna abiria, kila mmoja ameisukuma kwa sehemu ya kumi ya nguvu zilizohitajika, wala hapana mwenye akili atakayesema kila mmoja amebeba sehemu ya kumi ya dhambi. Wengi katika wanavyuoni wamehukumu kuwa jamaa wakishirikiana kumuua mtu mmoja, wote hushikwa kwa damu yake kamili.

Lakini ni wajibu wetu kuwapa wapinzani haki yao, maana hoja yao ni nzito, na si watu wajinga wanaoisema. Wao husema: makombora haya hayakuwekwa yarushwe, yamewekwa ili yasirushwe. Adui akijua kuwa akipiga atapigwa, hatapiga. Tangu Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 bomu la nyuklia halikutumika tena vitani, na dola kubwa zile mbili, kwa uadui wao wote, hazikukutana uso kwa uso katika vita vikubwa. Sisi tuliozaliwa baadaye huenda tuko hai kwa sababu hiyo. Siwezi kuwathibitishia kuwa wamekosea, na anayesema ameweza hajalipima jambo.

Ninachouliza ni kingine. Chukulia mitaa miwili yenye uhasama. Kila mtaa umeweka mapipa ya petroli chini ya chuo wanachosomea watoto wa mtaa wa pili, ukavuta utambi mrefu mpaka kwake, na ukamwajiri kijana akae na kiberiti. Miaka hamsini imepita, watu hawakupigana, na wazee wa mitaa yote miwili wanasema: tazameni, petroli imetuletea amani. Huenda ni kweli. Lakini wale watoto wamesoma miaka hamsini juu ya petroli bila ya kuwa na kosa, na yule kijana amelala na kuamka miaka yote akiwa na azma ya kuwachoma atakapoambiwa. Tishio halitishi ikiwa mwenye kiberiti hakuazimia kweli, na amani yote hiyo imejengwa juu ya azma yake. Wakuu wa jeshi walilijua hilo walipomwondoa Hering. Ofisa mwenye shaka, hata shaka ya haki, kwao ni utambi uliolowa maji.

Na mapipa hayo hulipuka hata bila ya uhasama kuongezeka. Makombora ya ardhini yana aibu yake kuliko yale ya manowari. Manowari imejificha, adui haijui iliko, basi aliye nayo anaweza kungoja akahakikisha. Shimo halihami. Mahali pake panajulikana kwa miaka, limo katika ramani ya adui, na mwenye nalo anajua kuwa akipigwa kwanza atayapoteza makombora yake ndani ya ardhi. Kwa hiyo huambiwa: rusha kabla hujafikiwa. Katika ile nusu saa, ukitoa muda wa kuliona shambulio, wa kumfikia Rais na wa kuipeleka amri, humbakia Rais dakika chache tu, pengine pungufu ya kumi. Shimo lenyewe, kwa jinsi lilivyochimbwa, limekataza kuulizana.

Tarehe 9 Novemba 1979 mitambo ya ulinzi ya Marekani ilionesha mvua ya makombora ya Warusi, kumbe ni mazoezi yaliyoingizwa kimakosa katika mtambo wa kazi. Tarehe 25 Januari 1995 roketi ya wataalamu kutoka Norwe, iliyokwenda kuchunguza mianga ya kaskazini, iliwashtua Warusi hata mkoba wa Rais Yeltsin ukafunguliwa. Na katikati ya hizo kuna usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, karibu na Moscow, ambapo setilaiti za Warusi zilitoa habari ya kombora la Marekani, kisha la pili, mpaka matano. Ofisa wa zamu, Stanislav Petrov, alipaswa kuipeleka habari hiyo juu kuwa ni shambulio. Akafikiri: nani huanza vita vya kuangamiza dunia kwa makombora matano? Akaipeleka kuwa ni kosa la mtambo, na hakuwa na hakika. Baadaye ikajulikana kuwa setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu. Hakupewa nishani kwa hilo, bali alilaumiwa kwa kutojaza daftari la zamu sawasawa. (Makarani wa kila nchi ni ndugu.)

Petrov alifaa siku ile kwa sababu hakufanya kazi kama chombo. Lakini yeye alikuwa mlinzi wa kutazama, hakuwa na ufunguo mkononi, na nafasi ya kufikiri aliipata kwa sababu kazi yake ilikuwa ni kupima habari. Mwenye ufunguo ameondolewa nafasi hiyo kwa makusudi.

Wala asije mtu akadhani ninawasema Wazungu peke yao. Pakistan ilipolipua mabomu yake mwaka 1998, baada ya Bara Hindi kuyalipua yake, Waislamu wengi walifurahi, wakaona umma umepata heshima. Kuna nchi nyingine ya Waislamu ambayo mfano wake haukuzungumzwa sana. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, Kazakhstan ilijikuta na makombora 104 makubwa kabisa ya Warusi katika ardhi yake, na Semipalatinsk, ambako Warusi walilipua mabomu ya majaribio tangu 1949 hadi 1989, na vijiji vya jirani vikapata maradhi yake. Watu hao waliijua sumu hiyo kwa miili ya watoto wao. Mabomu yote yalikuwa yamerejeshwa Urusi ilipofika mwaka 1995. Sioni kuwa heshima ya Kazakhstan ilipungua.

Imebakia hoja moja, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi. Atasema mtu: wenye dhamiri wakitoka wote katika vyumba vile, watabakia nani? Wasiouliza. Je, si bora ufunguo uwe kwa Hering kuliko kwa asiyewaza? Ningeikubali hoja hii lau mwenye dhamiri angeachiwa dhamiri yake akiwa kule ndani. Lakini sharti la kuingia ni kuiacha mlangoni. Anayebakia ili awe kinga ameapa kwanza kuwa hatakuwa kinga. Ama atavunja kiapo chake siku hiyo, basi alikuwa akidanganya kila alipopokea mshahara, na udanganyifu huo ningeusamehe. Ama atakitimiza, basi dhamiri yake haikumfaa mtu. Ndiyo maana naona Meja Hering alichukua njia iliyo sawa, aliyeuliza kabla ya kushika zamu, mchana, mbele ya mwalimu na wanafunzi wenzake.

Marekani sasa imo katika kutengeneza kombora jipya, Sentinel, lichukue mahali pa Minuteman. Mwaka 2024 serikali yao ilikadiria gharama yake kuwa kiasi cha dola bilioni 141. China nayo imechimba mashimo mapya zaidi ya mia tatu katika majangwa yake, yaliyoonekana kwa picha za setilaiti mwaka 2021. Sentinel limepangwa kukaa ardhini mpaka miaka ya 2070. Wengi katika maofisa watakaopewa funguo zake hawajazaliwa bado, na suali la mwaka 1973 litawakuta palepale lilipoachwa.